Herufi Ӧ ya Kikomi: kwa macho ni moja, ndani ya kompyuta ziko nne

Kalamu_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apitie juu juu.

Chukueni neno hili: сійӧ. Ni Kikomi, maana yake "yeye". Herufi nne tu. Nina rundo la mafaili ya Kikomi hapa, na humo neno hili limeandikwa kwa sura ambazo hata ukiigusisha pua na skrini huwezi kuzitofautisha. Ukitafuta moja, kompyuta inakujibu bila aibu kwamba nyingine hazipo. Ukihesabu maneno, unapata "yeye" kadhaa, kila mmoja na idadi yake.

Kwa wasioijua lugha yenyewe: Kikomi kinazungumzwa kaskazini-mashariki mwa Urusi ya upande wa Ulaya, magharibi ya milima ya Ural. Makao makuu ya Jamhuri ya Komi ni Syktyvkar. Si ndugu wa Kirusi hata kidogo, ni ndugu wa karibu wa Kiudmurt na wa mbali wa Kifini na Kihungaria. Sensa ya Urusi ya 2010 iliwahesabu wasemaji wake wapatao 156,000, na wengine 63,000 hivi wa Kikomi-Permyak kule Perm. Wanaandika kwa Kikirili: herufi zote 33 za Kirusi, kisha wanaongeza mbili, І na Ӧ. Jumla 35.

Hizo mbili za kuongeza ndizo zenye balaa, hasa Ӧ. Inaandika irabu ya katikati ya kinywa, midomo haiviringwi. Na msidhani ni herufi ya kuonekana mara moja kwa wiki. Imo kwenye mizizi ya maneno (вӧр ni msitu, мӧс ni ng'ombe, лӧз ni bluu) na imo kwenye viambishi vya mwisho: кар ni mji, карӧ ni "kuelekea mjini". Huwezi kuandika aya ya Kikomi ukaikwepa.

Sasa tuingie ndani. Unicode ni orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi namba yake (ndizo hizi za U+), na UTF-8 ni njia ya kuihifadhi namba hiyo kwa baiti. Ӧ ndogo inaweza kuingizwa kwenye faili kwa njia nne:

Ya kwanza ndiyo halali ya Kikomi: U+04E7, namba moja, baiti mbili kwenye UTF-8, D3 A7. Kubwa yake ni U+04E6.

Ya pili ni о ya kawaida ya Kikirili (U+043E) ikifuatiwa na nukta mbili za kuelea (U+0308). Namba mbili, baiti nne. Kwenye skrini fonti inazipandisha nukta juu ya herufi na wewe hujui lolote.

Ya tatu ni ö ya Kilatini, U+00F6, ile ya Wajerumani, Wafini na Waswidi.

Ya nne ni o ya Kilatini na nukta za kuelea juu yake.

Ya kwanza na ya pili Unicode inazitambua kuwa ni kitu kimoja. Ukipitisha maandishi kwenye usawazishaji wa NFC (unaounganisha herufi na alama yake ya kuelea viwe namba moja), ya pili inageuka ya kwanza. Ya tatu na ya nne nazo vivyo hivyo kwa upande wao. Lakini kati ya jozi ya Kikirili na jozi ya Kilatini hakuna daraja. NFC haivuki kutoka mwandiko mmoja kwenda mwingine, na hakuna usawazishaji wowote wa kawaida wa Unicode unaovuka.

Ongezeni kwamba с ina pacha wake Kilatini (c), і ina pacha wake (i), na й yenyewe inaweza kuandikwa nzima au kwa и na alama ya kuelea. Pigeni hesabu: 2 × 2 × 2 × 4. Neno la herufi nne lina njia 32 za kuandikwa, na zote zinaonekana сійӧ.

Niko huku Ufini kimasomo, upande wa teknolojia ya lugha, ndiyo maana nimeangukia mambo haya. Nawasilisha hoja: kosa si la waandishi wa Kikomi. Wao waliandika walichoweza kwa kibodi na majedwali waliyopewa (orodha za zamani za kuipa kila herufi namba, kabla ya Unicode). Karibuni.

Seva_Imelala

Nimeweka kiti hapa. Ila mkuu, swali la mtu wa kawaida: kwa nini hao Unicode wasingesema tu ö ni ö, imekwisha? Ya Mjerumani, ya Mkomi, ya nani sijui, namba moja. Mbona é ya Mfaransa na é ya Mhispania ni namba moja?

BintiPwani

Seva_Imelala, Mfaransa na Mhispania wanatumia mwandiko mmoja, wa Kilatini. Hapa ni miandiko miwili.

Sababu iliyo rahisi kuiona ni herufi kubwa na ndogo. Chukua H ya Kilatini, ndogo yake ni h. Chukua Н ya Kikirili, inayofanana nayo kabisa, ndogo yake ni н na inasomwa "n". B ndogo yake b, В ndogo yake в. Ukizipa namba moja, programu ikitakiwa kugeuza kubwa kuwa ndogo itajuaje iende njia ipi? Ingebidi kwanza ijue lugha ya kila neno.

Sababu ya pili ni urithi. Majedwali ya zamani ya Kikirili tayari yalikuwa na A mbili. Kwenye mojawapo, ISO 8859-5, A ya Kilatini iko nafasi ya 41 na А ya Kikirili iko B0, jedwali moja hilo hilo. Unicode ilitaka maandishi yote ya zamani yaingie na yaweze kutoka bila kupoteza kitu. Ungeziunganisha A mbili, ukirudisha faili kwenye 8859-5 hujui ipi ilikuwa ipi.

Kwa hiyo kutenganisha ni sahihi. Gharama yake inalipwa na watu kama Wakomi, ambao herufi yao ina pacha maarufu zaidi upande wa pili.

Kalamu_Kavu

Dada BintiPwani umemaliza. Na hayo majedwali ya zamani ndiyo chanzo cha fujo yote.

Miaka ya 1990 kompyuta nyingi za Urusi zilitumia Windows-1251 au KOI8-R. Jedwali la aina hiyo lina nafasi 256, na nusu ya kwanza imeshachukuliwa na ASCII, yaani herufi na alama za Kiingereza. Windows-1251 ilijitahidi: Kirusi, Kiukraini, Kibelarusi, Kibulgaria, Kiserbia na Kimasedonia vyote viliingia. І ya Kikomi ikapata lifti humo kwa sababu Waukraini na Wabelarusi wanaitumia, nafasi B2 na B3. Ӧ haikuwa na lugha kubwa ya kuibeba. Haimo. KOI8-R haina hata hiyo І.

Sasa wewe ni mhariri Syktyvkar, gazeti linatoka kesho, kibodi haina Ӧ. Utafanyaje? Wapo walioandika о tupu, msomaji ajijazie mwenyewe. Wapo waliotumia fonti za kubumba: unachukua fonti ya Kikirili, unaifuta herufi ambayo Mrusi haitumii, labda moja ya Kiserbia, na mahali pake unachora ӧ. Kwenye karatasi inatoka safi. Ukimtumia mwenzako faili bila ile fonti, anaona Kiserbia katikati ya Kikomi. Mtindo huo ulienea kwa lugha nyingi ndogo za Urusi. Na wapo waliofungua menyu ya alama wakachukua ö ya Kilatini, kwa sababu fonti zote zilikuwa nayo na inaonekana vizuri.

Huyo wa mwisho ndiye kazi yake imedumu hadi leo, maana inaonekana sahihi. Hakuna wa kuilalamikia, basi hakuna wa kuirekebisha.

Chapakazi

Sasa wakuu hii inamsaidia nini Mtanzania? Watu hatuna ajira mnajadili nukta mbili za Urusi.

Seva_Imelala

Chapakazi si ulazimike kusoma, kuna jukwaa la siasa pale juu.

BintiPwani

Muacheni, swali lake lina jibu. Kaka Chapakazi, andika ng'ombe kwenye simu, kisha liandike kwenye kompyuta kwa programu ya kuandikia barua. Ile alama kati ya g na o haifanani. Kibodi inatoa U+0027, iliyonyooka. Programu ya maandishi mara nyingi inaigeuza yenyewe kuwa U+2019, iliyopinda. Zote mbili Unicode inazihesabu kuwa ni alama za uandishi, si herufi. Ndiyo maana programu nyingine za kuhesabu maneno zinakata "ng" peke yake na "ombe" peke yake. Ipo U+02BC, inafanana na iliyopinda na inahesabiwa kuwa herufi, lakini hakuna kibodi ya Kiswahili niliyoiona inayokupa hiyo.

Ukitengeneza kamusi ya mtandaoni ya Kiswahili, tatizo la Mkomi ni lako, ila kwako limekaa kwenye ng' peke yake. Kwake limekaa kila sentensi.

Chapakazi

Ok nimekuelewa dada. Naendelea kusoma.

Kamau_wa_Mlima

Hii kitu naijua vizuri kutoka huku kwetu. Gĩkũyũ ina ĩ na ũ, na ni irabu kamili, si mapambo. Lakini watu wengi wakiandika kwa simu wanaweka i na u tupu, na msomaji anajipanga. Wenye bidii wanaandika na alama, halafu unapata mwingine ametumia ĩ nzima (U+0129), mwingine i na wimbi la kuelea. Nilisaidia kupanga orodha ya maneno ya kanisa, na tulipitisha NFC kwanza kabla ya kufanya kitu chochote. Baada ya hapo orodha ilikuwa safi.

Tofauti yetu na Wakomi naona ni kwamba sisi tuko Kilatini tayari, kwa hivyo NFC inatosha. Wao haiwatoshi.

Goma_Moja

Ndugu Kamau, ninyi mna bahati kuliko sisi wa Kongo. ĩ yenu ina namba yake moja. Mtu akiandika Lingala kwa utaratibu wa wanaisimu, anahitaji ɛ́ na ɔ́, zenye alama ya toni juu. Hizo hazina namba moja. Ni lazima herufi na alama ya kuelea, na simu nyingine inaiweka alama pembeni, si juu.

Swali kwa mwenye uzi: kwa nini Ӧ ilipewa namba nzima na ɛ́ yetu haikupewa?

Kalamu_Kavu

Ndugu Goma_Moja, ni suala la kuwahi. Ӧ imo tangu Unicode 1.1 ya 1993, pamoja na herufi nyingi za Kikirili za lugha zisizo Kirusi. Wakati huo walikuwa bado wanagawa namba nzima kwa herufi zenye alama. Na Ӧ haikuwa ya Wakomi peke yao: Waudmurt wanaitumia, Wamari, Waaltai, Wakhakas.

Baadaye wakafunga mlango. Usawazishaji ulipowekewa ahadi kwamba hautabadilika, herufi mpya yenye alama haiwezi tena kupewa namba nzima ikiwa vipande vyake tayari vipo. Waliochelewa wanatumia vipande. Mfano mzuri uko huko huko Urusi: Kimansi kinaandika irabu ndefu kwa mstari juu. ӯ na ӣ zina namba nzima, kwa sababu Kitajiki kinazitumia na ziliwahi. а̄, о̄ na ы̄ hazina. Lugha moja, alama moja, nusu wamepata kiti na nusu wamesimama.

Kiufundi si ubaguzi, vipande ni halali kabisa. Lakini fonti nyingi zimechorwa kana kwamba vipande ni jambo la nadra, na hapo ndipo alama yako inapokaa pembeni.

Mwl_Mstaafu

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta, nilifundisha historia. Naomba niweke jambo moja kuhusu watu hawa, maana mnawaongelea kama vile kuandika kwao kulianza na Windows.

Wakomi ni miongoni mwa watu wa familia yao walioanza kuandika zamani sana. Mmisionari Stefano wa Perm aliwatungia mwandiko wao mwaka 1372, unaoitwa Abur kutokana na majina ya herufi zake mbili za kwanza, An na Bur. Haukuwa Kikirili wala Kigiriki, ulikuwa wao, japo aliyeutunga alivijua vyote viwili. Uliishi karne chache kisha Kikirili kikauondoa.

Halafu karne ya 20 ndiyo iliyowachosha. Mwaka 1918 wakapokea alfabeti ya Vasily Molodtsov, mwanaisimu Mkomi. Ilikuwa ya Kikirili lakini yenye herufi za pekee kwa konsonanti laini, sauti moja herufi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaambiwa wahamie Kilatini, kama lugha nyingine nyingi za Usovieti. Mwaka 1936 wakarudishwa kwa Molodtsov. Kabla muongo haujaisha wakapewa hii ya sasa, yaani ya Kirusi pamoja na І na Ӧ. Mtoto aliyeanza shule 1930 aliweza kubadilishiwa alfabeti mara tatu kabla hajaoa. Molodtsov mwenyewe alifariki 1940.

Swali langu: hizo herufi za Molodtsov, kompyuta inazijua?

Kalamu_Kavu

Shikamoo mwalimu. Inazijua, na hapo kuna kituko.

Unicode 3.2, iliyotoka 2002, ilifungua eneo jipya la Kikirili kuanzia U+0500, na nafasi 16 za mwanzo zote ni za Molodtsov: Ԁ, Ԃ, Ԅ, Ԇ, Ԉ, Ԋ, Ԍ, Ԏ, kila moja kubwa na ndogo. Majina yake rasmi yana neno "Komi" ndani. Hata Abur ya Stefano imeingia, Unicode 7.0 ya 2014, kuanzia U+10350. Toleo hilo hilo likaongeza herufi nyingine mbili, Ԫ na Ԭ, za vitabu vya Kikomi vya karne ya 19.

Vitabu vya miaka ya 1920 vyenye Molodtsov vipo mtandaoni. Maktaba ya Taifa ya Ufini ilipiga picha machapisho mengi ya lugha hizi kwenye mkusanyiko wa Fenno-Ugrica, na kuna kazi ya kuyageuza picha kuwa maandishi. Bila zile nafasi 16 kazi hiyo ingekuwa ya kubumba tena. Fonti ndizo bado tatizo: nyingi hazina Ԃ wala Ԇ, kwa hiyo kompyuta inaazima kutoka fonti nyingine, na neno moja linatoka na herufi nene na nyembamba zimechanganyika kama meno ya mzee.

Kituko ni hiki. Herufi ya kwanza ya eneo hilo, ԁ ndogo, U+0501, inafanana kabisa na d ya Kilatini. Wakomi waliiacha zaidi ya miaka 80 iliyopita. Leo walioifufua ni matapeli.

Nenosiri_Refu

Hapo ndipo eneo langu la kazi, ngoja nichangie.

Ni kweli. Kikirili kina mapacha wa a, e, o, p, c, x, y, lakini alfabeti za kawaida hazina pacha wa d. Tapeli anayetaka kuiga anwani yenye d anakwenda kuichukua hii ya Kikomi. Vivyo hivyo q na w anazipata kwenye Kikirili cha Kikurdi, U+051B na U+051D, jirani kabisa.

Mnakumbuka 2017 mtafiti mmoja alisajili domeni iliyoonekana apple.com, ikiwa yote ni Kikirili? Jina lake halisi lilikuwa xn--80ak6aa92e.com (xn-- ndivyo mtandao unavyoandika kwa ndani majina yenye herufi zisizo za ASCII). Ile l haikuwa l, ilikuwa ӏ inayotumika kwenye lugha za Kaukasi. Chrome ikabadilisha kanuni zake mwaka ule ule. Siku hizi vivinjari vikubwa vikiona jina limechanganya Kilatini na Kikirili vinakuonyesha ile sura ya xn-- badala ya herufi zenyewe, na jina ambalo lote ni mapacha nalo linatiliwa shaka.

Ila ulinzi huo uko kwenye kivinjari. Kwenye ujumbe wa simu au baruapepe, linki inaweza kuandikwa maneno yoyote. Ukitumiwa linki ya benki, usiibonyeze, andika anwani mwenyewe kwa mkono.

Na hapa mnaona mgongano: kanuni inayotulinda sisi, "usichanganye miandiko ndani ya neno moja", ndiyo inayomfanya Mkomi aliyezoea ö ya Kilatini aonekane tapeli. Jina la domeni la Kikomi likiandikwa kwa mchanganyiko huo, kivinjari kitaligeuza matango pori ya xn--.

BintiPwani

Kuna dalili nyingine ndogo, kwa mtu anayepokea mafaili yaliyoharibika. UTF-8 ikisomwa kimakosa kama Windows-1251, ӧ inatoka У§ na Ӧ inatoka У¦. Kwa sababu D3 kwenye 1251 ni У, A7 ni §. Ukiona kurasa za Kikirili zimejaa alama ya § kila baada ya У, kabla hujafuta faili jua kuna Kikomi au jirani yake humo ndani, na kinaokoleka. Ikiwa ile ӧ ilikuwa Kilatini, baiti ni C3 B6, utaona Г¶. Kwa hiyo hata katika uharibifu unaweza kujua mwandishi alitumia ipi.

Lakini ukikuta alama ya kuuliza mahali pa ӧ, basi. Mtu alihifadhi kwa 1251, na herufi imeshakufa. Waliokuwa makini zamani kwenye kurasa za mtandao waliandika ӧ ambayo ni U+04E7 kwa hesabu ya kawaida, na hizo zimepona hadi leo.

Seva_Imelala

Sasa mkuu Kalamu, tupe dawa. Hayo mafaili yako unayasafishaje? Si ubadilishe tu kila ö iwe ӧ?

Kalamu_Kavu

Ukibadilisha kila ö, umewaharibia Wajerumani. Maandishi ya Kikomi yana majina kama Köln na majina ya Wafini tele, hasa makala za kitaaluma. Kanuni ninayoitumia inaamua kwa neno, si kwa herufi: kama ndani ya neno kuna hata herufi moja ya Kikirili isiyo na shaka, basi neno zima ni Kikirili.

```
def safisha(neno):
    neno = unicodedata.normalize("NFC", neno)
    if re.search("[а-яА-ЯёЁіІӧӦ]", neno):
        neno = neno.translate(str.maketrans("öÖiI", "ӧӦіІ"))
    return neno
```

Mpangilio una maana. NFC kwanza, ili nukta za kuelea ziungane na herufi zake, ndipo ubadilishe. Ukianza na kubadilisha, o ya Kilatini yenye nukta za kuelea itakuponyoka. Na maneno yenye kistari yakateni kabla: "IT-отдел" ikipita nzima, I ya IT inageuzwa Kikirili bila sababu.

Kinachobaki kigumu ni maneno mafupi ambayo herufi zake zote zina mapacha. Ас kwa Kikomi ni "-enyewe". Programu ya kusoma picha ikikosea ikatoa ac ya Kilatini, neno hilo halina hata herufi moja ya kulishtaki. Hapo unahitaji kutazama jirani wa kushoto na wa kulia. Kwa mafaili yangu haya ni machache, nayaangalia kwa macho, na sidhani inalipa kutengeneza mtambo kwa ajili yake.

Usisahau pia kuhifadhi faili la asili. Kwa mtafiti, kujua kwamba gazeti fulani lilitumia ö ya Kilatini ni habari pia.

Kamau_wa_Mlima

Na huko kwao siku hizi wanaandika aje? Bado hakuna kibodi?

Kalamu_Kavu

Zipo, Kamau, hali si ya 1998. Syktyvkar kuna maabara ya lugha za Kifini-Ugri, FU-Lab, imetengeneza mipangilio ya kibodi, vikagua tahajia, maktaba ya kielektroniki na mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kikomi. Chuo Kikuu cha Tromsø, Norwei, kina mradi wa zana za lugha ndogo uliokua kutoka Kisami, na Kikomi kimo. Kwenye Linux huna haja ya kupakua kitu:

```
setxkbmap -layout ru -variant kom
```

Wikipedia ya Kikomi ipo, na ya Kikomi-Permyak iko peke yake.

Kikwazo ni kwamba kibodi lazima mtu aiweke kwa hiari yake. Simu inakuja na Kirusi, na Wakomi karibu wote wanaandika Kirusi pia, kwa hiyo kibodi ya Kirusi ndiyo iliyo mkononi muda wote. Akitaka kumwambia mwenzake аттьӧ, yaani asante, ataandika аттьо aendelee na maisha yake. Sioni wa kumlaumu. Lakini mtambo wa kutafuta unaokusanya maandishi hayo unajifunza kwamba neno ni аттьо.

Goma_Moja

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwenye kamusi, Ӧ inakaa wapi? Mimi nikipanga orodha kwa programu, herufi zetu za pekee zinakwenda mwisho kabisa, baada ya z.

Kalamu_Kavu

Kwao Ӧ inafuata О, kabla ya П. І inafuata И. Lakini ukipanga kwa namba za Unicode tu, yanakukuta yale yale ya kwenu: я ni U+044F, ӧ ni U+04E7, kwa hiyo Ӧ inatupwa nyuma ya Я.

Chukua maneno manne: ош (dubu), ӧшинь (dirisha), пу (mti), яй (nyama). Huo ndio mpangilio sahihi wa kamusi. Kompyuta isiyoelekezwa itakupa ош, пу, яй, ӧшинь. Na kama ӧшинь liliandikwa kwa ö ya Kilatini, litapaa juu ya yote, kabla hata ya а, kwa sababu namba za Kilatini ni ndogo.

Ipe alfabeti mwenyewe:

```
herufi = "абвгдеёжзиійклмноӧпрстуфхцчшщъыьэюя"
sorted(maneno, key=lambda n: [herufi.find(h) for h in n.lower()])
```

Herufi isiyomo kwenye alfabeti inapata -1, kwa hiyo neno linaloanza na Kilatini bado litaelea juu kabisa ya orodha. Mimi hiyo naiacha makusudi. Kabla ya kusafisha chochote napanga orodha, naangalia kilichoelea juu, na kwa dakika chache najua faili limetoka kwa mtu mwenye kibodi ya Kikomi au kwa mtu aliyekuwa anaokota ö kwenye menyu ya alama.

Goma_Moja

Asante ndugu. Kesho nitaijaribu kwa ɛ na ɔ zetu, nitaweka majibu hapa hapa.